Uzoefu wangu: kusafisha filamu ya Mto Mirongo kwa Africafe

Kama unapiga filamu za majaribio hapa Mwanza na huna pa kupeleka kaseti za Super 8 (filamu ndogo ya sinema), kopo la Africafe, ile kahawa ya Bukoba inayoyeyuka yenyewe kwenye maji moto, linasafisha filamu nyeusi na nyeupe, yaani linaitoa picha ionekane, vizuri tu. Nimelitumia kwa kaseti za Tri-X, filamu nyeusi na nyeupe ya Kodak, zinazoufuata Mirongo kutoka vilimani, kupitia Mabatini, mpaka unapojimwaga ziwani. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Kwanza upigaji. Kaseti moja ina mita 15, fremu 3,600. Kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde inakwisha dakika 3 na sekunde 20, kwa hiyo mto mzima hauingii ukiuachia tu mtambo. Huko juu kwenye mawe piga fremu moja kila baada ya hatua mbili, mwendo kamili uuweke akiba kwa ajili ya madaraja na mdomo wa mto. Ukifika ziwani zima kipimo cha mwanga cha kamera: mmeremeto wa maji unakidanganya, kinabana lenzi, na watu wote wanatoka vivuli.

Kwa lita 2 za dawa: soda ashi (sodium carbonate) gramu 108, vitamini C ya unga gramu 32, kahawa gramu 80. Soda ashi ikikosekana, oka baking soda gramu 172 kwa nyuzi 200 kwa saa moja, ukiigeuza. Itapungua uzito mpaka karibu 108. Ikibaki nzito kuliko hapo haijaiva, rudisha. Magadi ya maharage achana nayo, yana chumvi na uchafu, na ukali wake haufanani fungu hadi fungu. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna navyo vina sukari na rangi.

Anza na soda, iyeyuke yote. Ndipo vitamini C, itatoa povu kama soda ya chupa. Kahawa mwisho. Subiri dakika 5 hadi 10 povu liishe, maana kila kiputo kinachong'ang'ania filamu kinaacha duara jeusi kwenye picha. Harufu ni ya dagaa waliolowa na mvua, mtaa mzima utauliza.

Joto ndilo linaloharibia wengi. Kipimo ni nyuzi 20 kwa dakika 15, ilhali maji ya bomba letu yanatoka ziwani na hufika 25 au zaidi. Tumbukiza chupa ya maji iliyoganda, imefungwa. Barafu tupu itaizimua dawa. Ukilipuuza joto, gelatini, ule utando wa filamu unaobeba picha, inalainika na ukucha tu unaichuna.

Katika giza totoro vunja kaseti kwa koleo, mwaga filamu ndooni, uivuruge kwa mkono wenye glavu bila kuacha. Mikunjo ikigandana, hapo pana baka lisilosafishwa. Suuza mara tatu, tia fiksa, dawa inayoizuia filamu isiharibiwe na mwanga, dakika 10, ndipo uwashe taa.

Nyota niliyoinyima ni ya doa. Kahawa inaacha ukungu wa kahawia, anga la ziwani linapooza. Unachopata ni negativu, yaani picha yenye weusi mahali pa weupe, utaigeuza kwenye kompyuta baada ya kuiskani. Lakini maji meusi ya Mabatini kando ya jiwe jeupe la vilimani, hapo kahawa haina mpinzani.

Wapo wanaoloweka kipande kwenye mtungi wa maji ya Mirongo ili bakteria waile gelatini na picha iteleze. Inafanya kazi, ila skani kwanza, vaa glavu, na chungulia kila asubuhi. Kwa joto letu ukichelewa kidogo unabaki na plastiki tupu.

Kukausha, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji ya mwisho, kisha kamba ya nguo ndani ya nyumba. Si nje. Vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi vikitua kwenye gelatini mbichi, havitoki tena.