Kompyuta inachelewa kuzinduka? Nimeijaribu Autoruns kwenye mashine ya mama mdogo

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo hapa mezani nina kompyuta ya mama mdogo, na kabla sijaeleza chochote naomba mtazame nami. Naiwasha. Simu yangu hapo pembeni inahesabu muda. Haya, picha ya mwanzo imeshatokea, kishale kinasogea, mgeni atasema imeshawaka. Sasa nafungua mtihani wake wa Word. Mnaona? Duara linazunguka tu, na ile taa ndogo ya diski haipumziki hata kidogo. Mama mdogo ni mwalimu wa sekondari, anatunga mitihani usiku baada ya kazi zote za nyumbani. Ameniambia, "Mwanangu, mimi naiwasha, naenda kukaanga kitunguu, nikirudi ndiyo imezinduka." Ni dakika sita kila usiku, kwa mtu aliyesimama darasani tangu asubuhi. Na fundi aliyeiona kwanza alimwambia anunue nyingine.

Mimi nasema asinunue. Mashine ni ya zamani, kweli, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, ni GB 4, na diski ni ile ya kuzunguka. Lakini sikilizeni inavyonguruma. Diski ya aina hii ina mkono unaosogea juu ya sahani kutafuta data. Ukiutuma sehemu moja, unasoma vizuri. Programu kumi zikiamka kwa mkupuo, kila moja na mafaili yake, mkono unarukaruka huku na huku na hakuna anayehudumiwa. Kwa hiyo swali la leo ni moja: nani anaziamsha hizi programu, na nani kati yao hana kazi hapa?

Tuanze na kilichomo tayari. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Tazama safu ya diski, asilimia 100. Tazama na hesabu ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa muda huu, 163. Hapa ndipo wengi wanaposhtuka na kuanza kuua kila wasichokijua jina. Tafadhali usifanye hivyo. Ukiona svchost imejirudia mara hamsini, huo si ugonjwa. Svchost ni ganda tu, ndani yake zinakaa huduma za Windows zenyewe. Zamani huduma nyingi zilibanwa kwenye ganda moja. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, mashine yenye RAM inayozidi GB 3.5 hutengewa ganda karibu kwa kila huduma, ili moja ikianguka isiziburute nyingine. Orodha inakuwa ndefu, lakini kazi ni ileile. Mchakato uliolala hauli umeme wala diski. Mimi siangalii wako wangapi, naangalia nani anakula.

Na hapa niseme kwa uzito, kwa sababu nimewaona watu wakilia. Zile programu zinazojiita za kusafisha au kuongeza RAM, usiziweke. Windows huitumia RAM iliyo wazi kutunza vitu unavyovifungua mara kwa mara. Msafishaji anavitupa nje, namba inapungua, unafurahi, halafu ukifungua Word mashine inarudi diski kuvisoma upya. Juu ya hapo, msafishaji mwenyewe anajiwasha kila asubuhi. Kwenye hii ya mama mdogo nimekuta wawili. Nimewaondoa.

Ndani ya Task Manager kuna ukurasa wa Startup, unaoonyesha programu zinazojiwasha ukiingia. Nimezima programu ya michezo ya mdogo wangu, kicheza muziki, na programu mbili za kuchati. Kuzima hapa si kufuta, akizihitaji anazifungua mwenyewe. Nimeiristati na kupima: dakika nne. Tumepiga hatua, lakini bado, na diski bado inahangaika na mtu ambaye Task Manager haimtaji.

Sasa ndiyo naileta Autoruns, programu inayoorodhesha kila kitu kinachojiwasha kwenye Windows. Ni ya bure, inatoka kwenye familia ya zana za Sysinternals aliyoianzisha Mark Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell mwaka 1996, na Microsoft wakainunua mwaka 2006. Kwa hiyo ipakue kwenye tovuti ya Microsoft, si kwingine. Ni megabaiti chache, haihitaji kusakinishwa, unaifungua tu kama msimamizi.

Ikifunguka inatisha, sitawaficha. Mistari mamia kwa mamia. Hatua ya kwanza, nenda kwenye menyu ya Options, weka tiki kwenye Hide Microsoft Entries. Tazama sasa, orodha imenywea. Waliobaki ni wageni: waliokuja na printa, na kadi ya sauti, na kila kitu kilichowahi kusakinishwa humu.

Angalia rangi. Mistari ya njano maana yake amri ya kuwasha ipo lakini faili lenyewe halipo. Rangi ya waridi (pinki) ni ya yule ambaye jina la mtengenezaji halikupatikana au sahihi yake ya kidijitali haikuthibitika. Si lazima awe kirusi, ila huyo mchunguze kabla hujamwamini.

Sasa shuka nami hadi Scheduled Tasks. Huyu hapa! Programu ya printa. Imejiandikia kazi ya kuamka kila mtu anapoingia, kwenda kuuliza habari za wino na matoleo mapya. Nikamuuliza mama mdogo, printa iko wapi? Akasema aliiuza mwaka juzi. Printa imeondoka, mtumishi wake amebaki anapiga hodi kila usiku kwenye nyumba isiyo yake. Ukurasa wa Startup haukumwonyesha, kwa kuwa hakupita mlango huo. Hii ndiyo thamani ya Autoruns: inaonyesha milango yote.

Ninaondoa tiki tu. Kitufe cha Delete sikigusi, na wewe usikiguse. Tiki ukikosea unairudisha, ukifuta umefuta. Tena kabla ya kuanza nilihifadhi orodha nzima kwenye faili. Autoruns inaweza kulinganisha orodha ya leo na ile ya zamani ikakuonyesha aliyeingia kati.

Kasoro zake? Haikushauri lolote. Inakuwekea kila mtu mezani, antivairasi na takataka kwa maandishi yaleyale, na yote kwa Kiingereza. Ukurasa wa Drivers, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, nakuomba upite bila kugusa, kwa sababu ukimzima dereva wa diski mashine inaweza isiwake kabisa. Antivairasi iache. Vitu vya sauti na vya padi ya kugusia, viache. Usipomjua mtu, tafuta jina lake kwanza, au muulize fundi unayemwamini.

Jambo jingine, haraka, kwa sisi tunaonunua bando: hizi programu za nyuma ya pazia zinakula data pia. Ukiunganisha mashine na simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa Metered connection, inayoiambia Windows kuwa data hii ni ya kubana. OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, itasitisha kupandisha mafaili, na Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Ila wiki moja moja ipeleke penye Wi-Fi ya kutosha ijisasishe, maana masasisho ya usalama ni ya lazima.

Haya, tupime mara ya mwisho. Naiwasha. Picha ya mwanzo hiyo. Word... imefunguka. Dakika mbili na sekunde kumi, mashine ileile, bila kununua hata waya. Kama una mashine ya nyumbani iliyopita mikononi mwa watu wengi, hasa hizi za mtumba kutoka Ulaya, Autoruns ipakue. Kama ya kwako ni mpya na inawaka vizuri, ukurasa wa Startup unakutosha.

Mama mdogo amekaa hapa nyuma ya kamera, ameshaanza kuuliza bei ya SSD, ile diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Hiyo tutaifunga pamoja video ijayo.