Chaja inayozivika betri kilemba cha ukoka

Betri ya kuchaji haikui. Ikishatoka kiwandani ina kile ilicho nacho, na kuanzia hapo ni kushuka tu. Sasa chaja inaponiambia betri moja ya AA ina uwezo wa miliampea-saa 1905 leo, halafu kesho betri hiyohiyo, nafasi hiyohiyo, ina 2174, mmoja wetu ana kasoro na si betri. (Najua atatokea wa kusema betri iliyokaa kabatini muda mrefu hurudisha nguvu ikichajiwa na kumalizwa mara mbili tatu. Ni kweli. Hii ilishapitishwa mara tatu kabla sijaanza kuandika namba yoyote.)

Jina la chaja silitaji. Ni ile ya nafasi nne yenye skrini, inayochukua betri za nikeli na za lithiamu, na kazi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni kupima uwezo wa betri. Kuchaji tu hata chaja ya kawaida inachaji. Mimi nililipia ile namba.

Na namba ya kwanza ilinifurahisha mno, nakiri. Eneloop ya AA, betri ya nikeli ya kuchaji, ambayo yenyewe imeandikwa kiwango cha chini 1900: nikaiweka kwenye hali ya kupima, nikaacha mkondo wa kuchaji kwenye ampea 1 kama ilivyotoka kiwandani na wa kunyonya, yaani wa kuimaliza betri, kwenye miliampea 500, ikatoa 1905. Nyota tano zilikuwa tayari mkononi. Nikarudia kwa kuchaji na miliampea 500 badala ya ampea 1, bila kugusa kitu kingine, ndipo ikaja 2174.

Kwanza tuondoe kitu ambacho si kosa la chaja, maana nusu ya malalamiko ya watu yapo hapo. Usisome namba inayopanda wakati betri inachajiwa ukaiita uwezo. Betri ya nikeli hairudishi yote unayoilisha. Sehemu inageuka joto, hasa mwishoni inapokaribia kujaa. Betri ya 1900 kumeza 2200 na zaidi ni jambo la kawaida kabisa. Uwezo ni kile kinachotoka. Chaja nyingi zikimaliza kupima huanza kuchaji upya na kuifuta namba ya kunyonya kwa namba ya kuchaji, kwa hiyo hakikisha unapiga picha ya skrini sahihi. Mimi 2174 yangu ilikuwa ya kunyonya. Kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Nikaitafutia ukweli nje ya chaja. Kipimo cha viwandani, cha kiwango cha kimataifa IEC 61951-2, ni cha polepole: unachaji kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo kwa saa 16, unaipumzisha saa moja hadi nne, halafu unainyonya kwa sehemu moja ya tano hadi ifike volti 1.0. Kwa betri ya 1900 hiyo ni miliampea 190 kuingia na 380 kutoka. Kwa mzigo wa kielektroniki (kifaa kinachonyonya betri kwa mkondo usiobadilika) wenye nyaya mbili za mkondo na nyaya mbili nyingine za kusoma volti tu, betri yangu ilitoa 1900 na chenji. Kama huna mzigo wa aina hiyo, rezista (kizuizi cha mkondo) ya omu 2.2 ya wati 2 inatosha: ifunge kwenye betri, soma volti kwenye miguu ya rezista kila dakika 10, gawanya kwa 2.2, jumlisha. Ni kazi ya saa tatu na nusu hivi. Angalizo moja tu, pima rezista yenyewe kwanza, na uondoe kile maltimita (kipima umeme) inachoonyesha ukigusanisha nyaya zake. Mara nyingi ni omu 0.2 au zaidi, na ukiisahau kwenye omu 2.2 umeshakosea karibu asilimia kumi kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Basi 1905 ilikuwa karibu kabisa na ukweli na 2174 ilikuwa uongo? Hapana. Zote mbili ni uongo, ila ya kwanza ni uongo uliobahatika.

Kujua hilo lazima upime mkondo wenyewe. Chukua vipande viwili vya bati jembamba la shaba, weka karatasi katikati, gundisha, kila kipande kiunganishe na waya wake kwa kulehemu. Kichomeke kati ya upande hasi wa betri na chuma cha chaja. Sasa mkondo wote unalazimika kupita kwenye nyaya zako, na kati ya nyaya hizo unaweka rezista ndogo ya kupimia. Nilianza na ya omu 0.1 na hilo lilikuwa kosa langu: kwenye nusu ampea inakula milivolti 50, na betri nzima ina volti 1.2 tu, kwa hiyo kipimo kinaharibu kinachopimwa. Tumia ya omu 0.01 yenye kosa lisilozidi asilimia 1. Miliampea 500 itaonekana kama milivolti 5.00, ukiwa na maltimita inayosoma hadi sehemu ya mia ya milivolti. Usitumie tundu la ampea 10 la maltimita, nyaya zake pekee zinatosha kuvuruga kila kitu. (Chaja zinazonyonya kwa kukatakata, yaani ampea 1 kwa muda kisha sifuri, zitafanya namba irukeruke, hapo weka rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 100 mbele ya maltimita upate wastani. Yangu hainyonyi hivyo.)

Skrini inasema 500. Maltimita: mwanzoni, betri ikiwa na volti 1.3, milivolti 4.7. Katikati, kwenye volti 1.2, 4.37. Mwishoni inashuka chini ya 4. Yaani mkondo unateremka pamoja na volti ya betri. Humo ndani hakuna kinachoushika mkondo usimame mahali pamoja; kuna rezista tu, na betri inaachiwa imiminikie humo. Gawanya 1.2 kwa 0.437 upate omu 2.75. Mtu aliweka rezista ya kutoa miliampea 500 kwenye volti 1.2, akasahau kwamba chuma cha nafasi, njia za ubao na swichi navyo vina omu zake.

Hilo ningelisamehe. Kunyonya kwa rezista si dhambi mradi uhesabu kilichopita. Kwa hiyo nikaongeza rezista ya omu 0.47 kwenye njia, mkondo ukaanguka hadi miliampea 373, nikaiacha saa nzima. Skrini iliongeza 500. Si 373, wala 437. Mia tano kamili, kama mtu anayesoma saa ya ukutani.

Maana yake ni kwamba chaja hii haihesabu mkondo, inahesabu dakika. Inachukua namba uliyochagua mwenyewe, inaizidisha kwa muda, inakurudishia kama habari mpya. 437 gawanya kwa 500 ni 0.874, na 1900 gawanya kwa 0.874 ndiyo hiyo 2174. Na ile 1905 ya furaha? Zidisha kwa 0.874, unapata 1665. Betri ilikuwa haijajaa. Kwenye ampea 1 volti inapanda haraka kwa sababu ya ukinzani wa betri yenyewe pamoja na ule wa vyuma, chaja inaona imefika kikomo chake, inakata mapema na kusema imejaa. Pungufu la kuchaji na ziada ya kuhesabu vikakutana katikati, vikapeana mkono, mimi nikapiga makofi.

Niliwaandikia wauzaji, nikawawekea namba zote hizi. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, nalinukuu kwa maana yake: mteja wetu mpendwa, namba kubwa kuliko ya lebo ni habari njema, inaonyesha betri zako ni bora. Habari njema! Huku ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mita ya maji ikikuandikia ndoo kumi na nne badala ya kumi na mbili utashukuru kwamba tanki lako limekua?

Nilipopoa nikajaribu kuwa mwadilifu. Kosa linalojirudia lilelile si baya sana. Kama kila namba imezidi kwa kiwango kimoja, zidisha kwa 0.874, maisha yaendelee. Kwa muda nilikuwa tayari kuipa nyota tatu kwa hoja hiyo, mpaka nilipohamisha kile kibati cha shaba kwenye nafasi ya tatu. Milivolti 4.89. Nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne ziko karibu na 4.37, ya tatu iko peke yake, karibu na ukweli kwa bahati. Betri yenye 1900 inasomeka 2174 nafasi ya kwanza na 1943 nafasi ya tatu. Sasa fikiria mtu anayepanga betri zake kwa jozi, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kununua mashine ya aina hii. Pacha wawili watatenganishwa kwa tofauti ya 231 isiyokuwepo, na kila mmoja atawekwa kwenye tochi na mwenzake asiyelingana naye. Kwenye vifaa ambavyo betri zimepangwa kwa mfuatano, dhaifu inaisha kwanza, nzima inaendelea kusukuma mkondo ndani yake na kuigeuza upande, na betri ya nikeli iliyogeuzwa hivyo haidumu. Chaja iliyonunuliwa kuokoa betri inaziua kwa kupangwa vibaya.

Haya, basi tumia nafasi moja tu, zidisha, vumilia. Nilifika hata hapo. Kilichonimaliza ni betri chakavu.

Betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa ndani, kwa hiyo ikinyonywa volti yake inakaa chini, tuseme 1.12 kwa wastani badala ya 1.2. Kwenye omu 2.75 hiyo ni miliampea 408 hivi. Skrini bado inahesabu 500. Ziada si asilimia 14 tena, ni zaidi ya 22. Betri iliyobakiwa na 1300 inajitangaza kuwa na karibu 1600. Yaani kadiri betri inavyokuwa mbovu ndivyo chaja inavyoisifia zaidi, na ile 0.874 yako haifai kitu palepale unapoihitaji. Mashine ya kupimia ambayo inawaonea huruma wagonjwa! Ukitaka kujua ni betri ipi ya kutupa, hii ndiyo ya mwisho kuuliza.

Upande wa lithiamu, ajabu, hadithi ni nyingine, na itabidi niseme ukweli hata kama sina hamu. Kwenye kuchaji, ampea 1 niliyochagua ilisomeka milivolti 10.02. Mwishoni, betri ikifika volti 4.2 na mkondo kuanza kupungua, namba ya skrini nayo ilipunguza mwendo kufuata mkondo. Hapo inapima kweli. Na kwa kuwa lithiamu inarudisha karibu yote unayoilisha, namba ya kuchaji ni kipimo kizuri cha uwezo, mradi umeimaliza kwanza hadi kama volti 3.0 kwa mzigo mwingine ukaipumzisha. Betri moja ya 18650 (lithiamu ya duara, kubwa kidogo kuliko AA) iliyoandikwa 9900, ambayo haiwezekani kwa sababu hata nzuri za ukubwa huo nyingi zinaishia kama 3500, chaja hii iliivua nguo bila kusita. Mizani ya jikoni ingefanya hivyo pia: 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50, za uongo mara nyingi ni nyepesi mno.

Lakini ukifikiri vizuri hilo ndilo linaudhi kuliko yote. Kipimo cha mkondo kimo humo ndani. Kimeshalipiwa, kimeshalehemiwa, kinafanya kazi vizuri. Hawakukiunganisha tu na upande wa kunyonya, upande ule ambao herufi kubwa za kwenye boksi zinauzungumzia.

Kwa sasa inachaji lithiamu, na betri za nikeli inazichaji kwa miliampea 500 nafasi ya kwanza. Kupima kunafanywa na rezista ya omu 2.2 iliyolala mezani kando yake, kitu kidogo kisicho na skrini. Kwa mwenye 18650 peke yake, nyota tatu na nusu. Kwa mwenye AA, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya boksi, ambalo ni imara. Wauzaji wameniandikia tena wakiomba picha ya skrini ili wanisaidie. Nimewatumia ya maltimita.