Hita za umeme wa usiku au boila ya gesi? Nimeishi na zote mbili London

Fleti niliyopanga kwanza mashariki mwa London ilikuwa na hita za umeme zinazohifadhi joto. Sasa niko kwenye nyumba yenye boila ya gesi, yaani mtambo unaopasha maji, na kila chumba kina rejeta, bamba la ukutani linalopitiwa na maji hayo ya moto. Kama una watoto na kazi yako ni ya shifti, ushauri wangu ni gesi, na sababu kubwa si bili. Ni saa ambazo joto linapatikana.

Hita ile ni sanduku la chuma lililofungwa ukutani, zito kweli, maana ndani limejaa matofali. Usiku, umeme ukiwa wa bei nafuu, matofali yanapashwa hadi yanakuwa moto sana, halafu mchana kutwa yanaachia joto polepole. Mpango wa bei unaitwa Economy 7, upo tangu 1978, na unakupa saa 7 za bei ya chini. Kwetu zilianza saa sita na nusu usiku hadi saa moja na nusu asubuhi. Juu ya sanduku kuna swichi mbili za kuzungusha: moja inaamua lijaze joto kiasi gani usiku, nyingine liachie kiasi gani. Yaani kabla hujalala inabidi uwe umeshajua baridi ya kesho. Januari, baridi ikiwa kali, si tabu, unajaza mpaka mwisho. Shida ni Aprili na Oktoba. Unajaza, kesho yake jua linawaka na unafungua madirisha huku hela yako inatoka nje.

Asubuhi nyumba ilikuwa na joto zuri, na sisi ndiyo kwanza tunatoka kwenda kazini na shuleni. Narudi saa tatu usiku, nagusa sanduku, vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Hapo majirani wengi walikuwa wanachomeka hita ndogo, na ndipo bili inapoumiza, kwa sababu ukiwa kwenye Economy 7 umeme wa mchana (yaani wote ulio nje ya zile saa 7, hata wa saa tatu usiku) unauziwa ghali kuliko mteja wa kawaida. Maji ya moto nayo yalipashwa usiku kwenye tangi. Wakishaoga watoto wote, anayefuata anasubiri au analipia bei ya mchana.

Maghorofa marefu mengi huku hayana gesi, na hilo lina historia. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka kwenye fleti moja ya Ronan Point, jengo la ghorofa 22 huko Newham, mashariki mwa London, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Baada ya hapo majengo mengi ya paneli za zege yaliondolewa gesi. Kwa hiyo ukipanga juu huko, huenda huna la kuchagua.

Kwenye gesi, nikirudi usiku nawasha na baada ya muda mfupi sebule imeshapata joto. Chumba kisicho na mtu nafunga valvu ya rejeta yake. Kanga nikizifua jioni, asubuhi zimekauka. Uniti ya gesi ni kama robo ya bei ya umeme wa kawaida, na hata umeme wa usiku bado uko juu ya gesi. Fundi alinionyesha pia kushusha joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta hadi nyuzi 60. Boila za siku hizi hunasa joto lililomo kwenye mvuke wa moshi wake, na hufanya hivyo vizuri zaidi maji yakirudi yamepoa.

Gesi ina usumbufu wake. Presha ya maji ndani ya mfumo ikishuka chini ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha), boila inaweza kugoma, na ikigoma nyumba nzima haina joto wala maji ya moto. Zile hita za matofali hazikuwahi kuniharibikia. Kuna gharama ya kila siku ya kuunganishwa na gesi, unalipa hata Julai, ambayo huku ni msimu wa joto, na kila mwaka boila inataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe, sajili rasmi ya mafundi wa gesi. Mzee aliyestaafu, anayeshinda nyumbani kwenye fleti ndogo, simlaumu akibaki na umeme, hasa akipata hita mpya zenye feni na thamostati (kidhibiti joto), zinazotunza joto hadi jioni.

Kabla ya kusaini mkataba, omba kuiona mita na uulize bei ya mchana na ya usiku. Mita za zamani zinazobadilisha bei kwa mawimbi ya redio zinaondolewa kuanzia 2025, hivyo ukiikuta, mwambie mwenye nyumba aishughulikie kwanza. Kama ni gesi, dai cheti cha ukaguzi wa mwaka huo, na uangalie kama kuna kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, kwenye chumba chenye boila. England ni sheria kwa wenye nyumba tangu Oktoba 2022. Akikosa kimojawapo, usichukue funguo.