Vijiti vya dramu: vya mti, vya alumini au vya kaboni? Huu ndio mpangilio wangu kwa anayenunua

Mpiga dramu anayevunja vijiti kila wiki hufika mahali akajiuliza kwa nini asinunue vya alumini au vya nyuzi za kaboni, apumzike. Wapigaji wamebishana juu ya jambo hili miaka mingi. Wanaovipenda vijiti visivyo vya mti husema vinadumu, havimwagi vibanzi, na jozi ya leo ina uzito uleule wa jozi ya mwaka jana. Wanaovikataa husema mkono hauihisi ngoma, na matoazi hutoa sauti kali isiyo na utamu. Nimesimama upande wa mti, ingawa yupo mtu mmoja ambaye ningemwambia anunue alumini bila kusita. Nitamfikia.

Kwanza unene, kwa sababu vijiti vingi huvunjika kwa kuchaguliwa vyembamba kuliko kazi yake. Unene huandikwa kwa namba kwenye kijiti: namba 7A ina kipenyo cha milimita 13.7 hivi, 5A ni 14.4, 5B ni 15.1, na 2B ni 16. Kampuni hutofautiana kidogo, lakini mpangilio ni huo. Anayepiga roki kwa nguvu kwa 7A atavunja tu, hata ukimpa mti wa namna gani. Apande hadi 5B kabla ya kuulaumu mti. Asiyejua aanzie wapi achukue 5A.

1. Hikori

Hiki ndicho kijiti cha kununua kama unanunua jozi moja. Hikori ni mti wa Amerika ya Kaskazini, mgumu lakini unaonyumbulika, na kunyumbulika huko ndiko kunakomeza sehemu ya mshtuko kabla haujafika kwenye kifundo cha mkono. Kampuni za vijiti kama Vic Firth, Promark, Vater na Zildjian zote zinautegemea. Hikori pia hukuonya mapema: bega la kijiti, pale kinapoanza kuwa chembamba kuelekea ncha, huanza kulika linapogonga ukingo wa haihati (matoazi mawili yanayofunguka na kufungwa kwa mguu), vibanzi vikatoka, nawe ukajua siku zake zimekaribia.

Udhaifu wake ni kwamba mti haufanani. Jozi mbili za namba moja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kupishana uzito hadi mkono ukajua. Kwa hiyo chagua kwa mikono yako ukipata nafasi. Viringisha kila kijiti juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kikirukaruka, kimepinda, kiache. Tazama nyuzi za mti: ziwe zimekwenda sambamba na urefu wa kijiti, kwa maana zikikata upande karibu na bega, hapo ndipo kitakapokatika. Kisha gonga kimoja baada ya kingine kwenye kitu kigumu na usikilize. Vikitoa sauti za juu na chini zinazoachana sana, si jozi hata kama vimefungwa pamoja. Rangi isikusumbue, hikori ya kahawia na nyeupe zote hufanya kazi.

Kuhusu ncha, ugomvi wa mti na plastiki ni wa zamani. Joe Calato, mpiga dramu wa Niagara Falls, alibuni ncha ya nailoni mwaka 1958 kwa sababu ncha za mti zilikuwa zinalika mapema. Nailoni hutoa sauti angavu na ya wazi kwenye toazi la raidi (toazi kubwa la kushikia mdundo), na haibadiliki kwa kuchakaa. Ncha ya mti ina joto zaidi, na kwa sikio langu ndiyo nzuri zaidi studio. Ukinunua ya nailoni, ivute na kuizungusha kwa vidole: ikicheza sasa, itaruka katikati ya wimbo.

2. Alumini yenye ganda

Kampuni inayojulikana zaidi hapa ni Ahead. Ndani kuna shina la alumini. Sehemu ya juu inayopokea mapigo imevikwa ganda la plastiki ngumu aina ya poliyurethani, na mwishoni kuna ncha ya nailoni. Ganda na ncha vikichakaa unabadilisha, shina linabaki. Lars Ulrich, mpiga dramu wa bendi ya roki nzito ya Metallica, ni miongoni mwa wanaovitumia, na muziki wake unaeleza sababu: mapigo mazito, usiku baada ya usiku, ncha ikitua kwenye ngozi na shina likigonga chuma cha ukingo kwa wakati mmoja. Pigo hilo la ukingoni ndilo linalomaliza hikori haraka kuliko kitu kingine chochote.

Basi mtu niliyemtaja ni huyu: anapiga kwa sauti kubwa, kila wiki, ameshapanda hadi 5B au 2B, anashika vijiti kwa ulegevu unaofaa, na bado anavunja. Huyo alumini itamsaidia kweli. Atapoteza kitu, aelewe hivyo. Kijiti hakinyumbuliki kama mti, na ukikilaza juu ya ngozi na kugonga ukingo kwa nyimbo za taratibu, mlio unakuwa mwembamba. Kuna wanaosema mikono yao imepumzika baada ya kuhamia huku, na wengine wanasema imezidi kuuma. Dakika chache dukani hazitakuambia wewe uko kundi gani. Azima jozi ya mwenzako upige zoezi zima.

Ukinunua, nunua na maganda ya akiba siku hiyohiyo. Ganda lililopasuka linaacha chuma kikutane na ukingo wa toazi, na hapo toazi ndilo litakaloumia. Kagua kabla ya kila onyesho.

3. Mwaloni wa Japani

Mzito na mgumu kuliko hikori, unastahimili ukingo vizuri. Ningemwambia anayevunja sana aujaribu huu kabla ya alumini, kwa kuwa bado ana mti mkononi. Lakini unapitisha mtikisiko mwingi zaidi mkononi, ndiyo maana nimeuweka hapa.

4. Mepo (mti uitwao maple kwa Kiingereza)

Mwepesi. Unakupa kijiti kinene kisicho kizito, raha kwa jazi na kumbi ndogo. Roki itaumaliza upesi.

5. Nyuzi za kaboni

Vijiti hivi vinavutia kwa macho, vinalingana sana, na havipindi kwa unyevu. Tatizo ni ugumu wake: vinarudi kutoka kwenye ngozi kwa namna ambayo mkono uliofundishwa na mti lazima ujifunze upya, na sauti kwenye matoazi ina ukali ambao wapigaji wengi hawauzoei. Kwa jozi ya pili au ya tatu, sawa. Kwa mwanafunzi, hapana.

Vya plastiki tupu sivipi namba. Vinapindapinda mkononi na kumfundisha anayeanza mrudio usio wa kweli.

Kama unapiga dramu za umeme, mpangilio unabadilika kidogo. Ngozi za wavu huchanwa na vibanzi, kwa hiyo hikori yenye ncha ya nailoni inapanda juu ya ile ya ncha ya mti, nayo itupwe mara tu bega linapoanza kumeguka. Na soma kitabu cha maelekezo kabla ya kununua alumini au kaboni: Roland, kampuni ya dramu za umeme, kwa snea (ngoma ya katikati yenye mlio mkali) na matoazi yake ya kidijitali, inaagiza vijiti vya mti au plastiki pekee, kwa sababu kaboni na chuma vinaweza kuvuruga kihisio, hata kukiharibu.