DaVinci Resolve ya bure kwa kupanga klipi za ndoa: mi naikubali, ila tuongee ukweli

Bandugu wa montaji (kukata na kuunganisha video), huku Bukavu shida siku hizi haiko kamera, kamera tuko nazo. Shida njo ile disk yenye inakuja kisha feti: dote (mahari) kule Bagira, ndoa ya komini, misa ya Kadutu, picha za Nguba kando ya ziwa, sale ya usiku, bakameramani wawili, drone, na tena telefone ya mjomba wa bibi arusi mwenye anasema na yeye alifilme vizuri kwa hiyo usimsahau. Sasa fungua dosye uone. Sony inakupa C0001, C0002, Canon ni MVI_0001, drone ni DJI_0001, Android ni VID_ na tarehe ndefu kama namba ya akaunti. Na kama namba za ile Sony zimewekwa kwa Reset, ukishaformate karte ya memori inaanza tena C0001, njo unajikuta na C0001 ya dote na C0001 ya misa kwa ndoa moja.

Mi leo naisema Resolve kwa hiyo kazi moja tu, kubadilisha majina na kupanga. Mambo ya rangi kila mtu anayajua, tuache. Ni programu ya montaji ya Blackmagic Design, kampuni ya Australia, iko na toleo la bure kwa Windows, Mac na Linux, na Studio yenye kulipiwa ni dola 295 mara moja.

Kitu cha kwanza chenye nilipenda: ndani ya Resolve jina la klipi na jina la fishye (faili) ni vitu viwili. Unaita klipi DOTE_A_014, fishye kwa disk inabaki C0014.MP4 vile ilitoka kwa kamera, hakuna kitu kinakatika. Mtu mwenye anabadilisha majina kwa Windows na F2 wakati projekti imeshaanza, huyo atafungua kesho akute klipi nyekundu kila fasi, Media Offline, maana Resolve haioni tena fishye, halafu aanze kurelink, kuziunganisha tena moja moja, usiku mzima na umeme wenye uko unakwenda na kurudi.

Sasa otomatiki yenyewe. Unachagua klipi zote za dote kwa pamoja, unaenda kwa paneli ya Metadata (maelezo ya klipi), unaandika Scene: DOTE, unaweka herufi ya kamera, unasave, zote zimejazwa. Halafu kwa Clip Name badala ya kuandika jina unaandika alama ya %, inakutolea orodha, unachagua Scene, unaweka mstari wa chini, unachagua kamera. Klipi zote zinabadilika papo hapo. Na utamu wenyewe uko hapa: lile jina linafuata metadata, kwa hiyo kama uliweka SALE kwa klipi zenye kumbe ni za kanisa, unarekebisha Scene tu na jina linajirekebisha. Batu wengi wanatumia Resolve miaka na hii alama ya % hawajawahi kuigusa, nashangaa kweli.

Lakini kwa namba za kufuatana, 001, 002, 003 kwa mpango wa saa, mi natumia skripti, kodi fupi yenye inafanya kazi yenyewe. Resolve inakubali lugha za kodi Lua na Python, Lua haiombi uinstale kitu, unaandika mistari kumi hivi, unaiweka kwa dosye ya Scripts inaonekana kwa menyu ya Workspace. Yangu inachukua klipi za bini (dosye ya ndani ya Resolve) yenye iko wazi, inasoma tarehe ya kila moja, inazipanga, inaita amri ya SetClipProperty kwa kuweka jina jipya, basi. Toleo la bure linakubali skripti za ndani, ni kuiendesha Resolve kutoka inje njo wanataka ulipe Studio. Kama haujui kuandika kodi muombe kijana yeyote wa informatike, si kazi ya siku nzima, mununulie soda.

Angalia saa za kamera mbele ya yote lakini. Kwa UTC, ile saa ya dunia yenye kila nchi inahesabia, Bukavu tuko UTC+2, Kinshasa ni UTC+1, kwa hiyo kameramani mwenye ametoka Kinshasa na hakugusa saa ya kamera yake, klipi zake zitaingia saa moja nyuma, bibi arusi atatoka kanisani mbele ya kuingia. Na telefone nyingi zinaandika saa ya video ndani ya MP4 kwa UTC wakati kamera nyingi zinaandika saa ya hapa, hiyo ni masaa mawili ya tofauti, hakuna skripti itakujulia hiyo bila wewe kuiambia. Kwa zile za mjomba mi nazipitisha kwanza kwa ExifTool, programu ya kusoma na kubadilisha maelezo ya fishye, ya Phil Harvey, ya bure, iko na chaguo la QuickTimeUTC lenye linageuza saa, inabadilisha jina la fishye kufuata tarehe, MBELE ya kuimport. Kwa karte ya Sony usifanye vile, juu kila C0001.MP4 iko na ndugu yake C0001M01.XML kando, ukibadilisha moja unawatenganisha.

Smart Bin, bini yenye inajijaza, nayo ni safi. Unaipa masharti, mfano Scene ni MISA na kamera ni B, klipi zinaingia zenyewe, hauburuti kitu. Ukiandika keyword "machozi" ama "mama mkwe" kwa klipi, mwisho wa kazi uko na bini ya machozi yote ya ndoa, na hapa kwetu machozi ya mama njo yanauza video. Na Power Bin: logo yako, jenerike yako (maandishi ya mwanzo na mwisho), muziki wako, unaviweka mara moja vinaonekana kwa kila projekti ya hiyo database.

Chenye hakinifurahishi. Kutambua sura za batu, ile People, iko Studio peke yake, na kwa ndoa ya batu mia tatu ingesaidia sana. Paneli ya Metadata imejaa visanduku vya sinema kubwa, mtu mupya anachanganyikiwa, ni lazima ujue vitatu vine vyako na uache vingine. Halafu programu yenyewe nzito, kutelesharje ni giga kadhaa, na kwa ordinatere ya giga 8 bila kadi ya grafike usijaribu hata, utachukia maisha. Kama unafanya klipi za sekunde thelathini za TikTok baki na telefone yako, haihitaji haya yote.

Zile dola 295 mi bado sijazitoa. Kwa majina na mpango, ya bure inanitosha, na kama siku moja nitalipa itakuwa ni kwa People, halafu hiyo hesabu nitaiingiza kwa devi (karatasi ya bei) ya wateja bila haya.