Kruzi ya Galveston mpaka Mexico na familia nzima: hela, makaratasi na visheti vya mama mkwe

Kila nikikutana na watu hapa Houston swali ni moja tu, ile kruzi (safari ya meli ya starehe) mlioenda ilikuaje, inafaa na watoto, inafaa na wazee, mlitumia shingapi. Basi naandika yote hapa mara moja maana nimechoka kurudia. Kwa kifupi inafaa, tena kwa familia yenye bibi na watoto wadogo mi naona inashinda Disney, na naipa nyota 4 kati ya 5. Jina la kampuni silitaji, kwanza kwasababu nna lawama zangu humu ndani, pili kwasababu hizi zinazotoka Galveston, bandari ya karibu na hapa Houston, mambo yao mengi yanafanana sana, ukijua moja umezijua zote.

Sisi tulichukua ile ya usiku 5, Galveston, halafu Progreso na Cozumel huko Mexico, unarudi. Tulikua mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambae alikua ametoka Tanga kuja kututembelea. Na kama unajiuliza mbona meli zote za huku zinakimbilia Mexico wakati Marekani yenyewe ina pwani ndefu hivi, ni sheria ya zamani ya mwaka 1886, meli isiyosajiliwa Marekani hairuhusiwi kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine, na hata ikiwarudisha palepale lazima iguse nchi ya nje kwanza. Sasa hizi meli kubwa karibu zote zimesajiliwa Bahamas au Panama, ndo maana Mexico lazima.

Tuanze na hela maana hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Ile bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja na wanahesabu mmekaa wawili chumbani. Ukienda peke yako unalipia karibu kama watu wawili, ila wa tatu na wa nne ndani ya chumba hichohicho bei yao inashuka, hiyo ndo nafuu ya familia. Halafu juu yake kuna kodi za bandari, halafu bakshishi za wafanyakazi ambazo siku hizi kampuni nyingi ziko dola 16 mpaka 20 kwa kila kichwa kwa kila siku, na mtoto nae ni kichwa. Piga mwenyewe, watu 6 siku 5 hiyo ni dola 480 mpaka 600 kabla hujanunua hata soda. Mi sina tatizo na bakshishi, wale watu wanafanya kazi jamani, tatizo langu kwanini isiandikwe kwenye bei tangu mwanzo mtu ajue. Soda inalipiwa, intaneti inalipiwa, picha wanazowapiga mlangoni mkiwa na jasho zinalipiwa. Cha bure ni chakula cha bafe na cha ukumbi mkubwa, maji, chai, kahawa ya kawaida, na juisi asubuhi. Na wale wa vifurushi vya pombe mjue kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, huwezi kununua kimoja mkachangia na mzee.

Chumba. Tulichukua viwili vyenye mlango wa katikati, na hivi vinaisha mapema sana kwahiyo kama familia yenu ni kubwa buku, yani weka nafasi, miezi mingi kabla. Tulichukua vya ndani visivyo na dirisha, watu wanaviponda ila kwa watoto mi nasema ni dawa, ukizima taa ni giza totoro, walilala mpaka saa 3 asubuhi, wanangu hao ambao nyumbani saa 12 wako juu ya kochi. Chagua katikati ya meli na ghorofa za chini kidogo, huko meli haichezi sana. Mbele kabisa na juu kabisa ndo panaponesa.

Sasa makaratasi, hapa someni vizuri maana ndo watu wanaporudishwa bandarini na mabegi yao. Raia wa Marekani kwenye kruzi inayoanza na kuishia bandari moja anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha, watoto chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa kinatosha. Lakini mi nasema tafuteni paspoti tu, maana ukiumwa ukashushwa Cozumel au meli ikikuacha, cheti cha kuzaliwa hakikupandishi ndege ya kurudi. Wenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani) kama mimi unabeba grinikadi na paspoti yako ya nyumbani. Na kama mzazi mmoja haendi, andikeni barua ya ruhusa igongwe muhuri wa notari, mara nyingi haiulizwi ila ikiulizwa huna basi umekwama.

Kwa mama mkwe ndo kulikua na sinema. Nikapiga simu kampuni, dada wa kwenye simu akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba mwenye paspoti ya Tanzania lazima akaombe viza ya Mexico ubalozini, tena akaniharakisha nimlipie kabisa abadilishiwe tarehe. Sio kweli. Mexico inampokea mtalii mwenye viza hai ya Marekani bila viza yao, imeandikwa wazi kwenye tovuti ya uhamiaji wao. Kitu cha kuangalia ni kile ambacho yule dada wala hakuniuliza, yani hiyo viza ya Marekani ni ya kuingia mara ngapi na inaisha lini, maana mkirudi Galveston mgeni wenu anapita tena uhamiaji. Nilipopiga mara ya pili nikapata mtu mwingine akanijibu sawasawa. Kwahiyo msimwamini wa kwenye simu, wala msiniamini mimi, sheria za viza siku hizi zinabadilika kila kukicha, nendeni kwenye tovuti za serikali zenyewe mkasome karibu na tarehe yenu.

Wajawazito, kuanzia wiki ya 24 kampuni nyingi hawakupandishi, na kichanga awe angalau miezi 6. Bima pia, usidhani bima yako ya kazini inafanya kazi baharini, kliniki ya meli inakukata kwenye akaunti yako ya chumba halafu utajua mwenyewe baadae. Kata bima ya safari.

Kufunga mabegi sasa. Vitu vya kupata moto vinakatazwa, pasi, jagi la umeme, raiskuka (najua mtu anasoma hapa alishaiweka kwenye begi), mishumaa, na ekstensheni zile za kuzuia shoti. Na chakula cha kupika nyumbani hakiingii, wanataka kilichofungwa kiwandani hakijafunguliwa. Mama mkwe alikua amekaanga visheti ndoo nzima ya plastiki, ile ya lita tano ya aiskrimu, akaifunga na mfuniko na mpira juu, na kwenye pochi ana chetezo kidogo cha umeme na udi umefungwa kwenye kitambaa. Kuja kumwambia pale paking kwamba haviingii! Akaniangalia tu. "Sasa mwanangu, chumba kitanukia nini?" Chetezo kikabaki kwenye gari. Visheti tukavila palepale tumesimama nyuma ya gari, mlinzi wa paking nae akapewa vyake kwenye tishu, akarudi kuongeza.

Begi la mkononi liwe na dawa zote, nguo za kuogelea na makaratasi, maana mabegi makubwa mnayaacha kwa wapagazi na yanaweza kufika mlangoni kwenu jioni, wakati watoto wanataka bwawa mara tu wakiliona. Dawa za presha za mama zilikua kwangu muda wote. Na kama mzee hawezi kutembea sana omba kiti cha magurudumu mapema kwenye apu ya kampuni, foleni ya Galveston ni ndefu na ukumbi ni mkubwa. Mkitoka mbali kwa ndege, shukeni uwanja wa Hobby hapa Houston, ndo karibu na Galveston kuliko ule mwingine mkubwa, na fikeni siku moja kabla, hasa kipindi cha baridi maana ukungu unafunga bandari kabisa. Juni mpaka Novemba nako ni msimu wa vimbunga, meli inaweza kubadilishiwa njia na huna cha kudai.

Chakula kilikua kizuri na kingi mpaka kero. Halali lazima uandike mapema wakati wa kubuku sio ukifika, na usitegemee sana, sisi tuliishi kwa samaki, mayai, wali na mboga na hatukulala njaa hata siku moja. Mezani kwetu mhudumu alikua kijana wa Mombasa, aliposikia mama anauliza "hii nyama ya nini" akajibu kwa Kiswahili cha Likoni kabisa, toka hapo mama akawa haagizi kitu mpaka kijana aje, na chai ya maziwa yenye tangawizi ikawa inatoka jikoni sijui kwa njia gani na sikuuliza. Kwa kuswali, apu ya kibla inafanya kazi hata simu ikiwa kwenye hali ya ndege, shida ni kwamba meli inageuka, kwahiyo unaangalia upya kila swala. Na hiyo hali ya ndege iwasheni kabla meli haijaondoka, na msiizime, mtandao wa simu wa baharini unakata hela vibaya mno.

Watoto: klabu ya watoto ni bure mchana, kampuni nyingi kuanzia miaka 2 au 3, ila ambae hajaacha pampasi haruhusiwi kwenye mabwawa, hata zile pampasi za kuogelea, ni sheria za afya. Kuna sehemu ndogo ya kurusha maji wamewawekea wao. Mwanangu mdogo alilia siku ya kwanza basi. Na mikono waoshe kwa sabuni, ile jeli ya mikono ya mlangoni haisaidii sana kwa ugonjwa wa tumbo wa melini.

Kulevywa na bahari, mume wangu ndo alilevywa, mama alomzaa ambae alikua anavuka kwenda Pemba na jahazi ujanani akawa anamcheka waziwazi mezani. Dawa mnywe kabla hamjaanza kujisikia vibaya, ukishaanza imechelewa.

Progreso penyewe mi sikupapenda sana ila gati lake ni la ajabu, kilomita 6 na nusu ndani ya bahari, kwasababu maji ya pwani ile ni mafupi mno meli haiwezi kusogea. Unashuka unapanda basi la bure unaendeshwa juu ya bahari mpaka mjini. Kama mna nguvu nendeni Mérida ni karibu, Chichén Itzá ni mbali kwa bibi na watoto ndani ya siku moja. Ila saa jamani, saa! Mexico sehemu kubwa hawasogezi tena saa mbele kipindi cha kiangazi ila Texas bado wanasogeza, kwahiyo kiangazi Progreso iko nyuma ya Texas saa nzima. Meli yetu ilibaki na saa ya Texas, simu zikajigeuza zenyewe. Simu inakwambia saa 9 kumbe melini ni saa 10 na ngazi wanapandisha. Tuliona watu wanakimbia kwenye gati na mifuko ya kofia. Vaa saa ya mkononi ya kawaida, weka ya meli, imeisha.

Cozumel ndo penyewe. Maji yale nikadhani niko Nungwi. Teksi hazina mita ila bei zimebandikwa pale kituoni, muulize dereva kabla hamjakaa, dola wanapokea. Sisi hatukununua matembezi yanayouzwa na meli, tulichukua tiketi ya siku kwenye klabu ya ufukweni, bwawa la watoto, kivuli na viti vya bibi, ikawa nafuu kwa mbali. Ila kama mnaenda mbali na bandari nunueni ya meli, maana ikichelewa ile yao wanaisubiri, ukichelewa na ya kwako shauri yako. Mafuta ya jua nunueni yale yasiyodhuru matumbawe, kwenye hifadhi za bahari wanaangalia.

Siku ya kurudi, kama mnaweza kubeba mabegi yenu wenyewe msiyatoe nje ya mlango usiku ule, shukeni nayo mikononi mtoke na wa kwanza. Sisi na bibi tuliyatoa, ukumbini tukatafuta begi moja la kijani karibu saa nzima, likakutwa limepangwa kwenye rundo la namba nyingine, na mfanyakazi wa pale hata samahani hakusema. Matunda na nyama za meli msishuke nazo, forodha wana mbwa. Tayari mama mkwe ameshaniuliza ya mwakani wanafungua lini kubuku.