Siku sita wodini baada ya opareshen ya mgongo, uzoefu wangu

Jamani kama una ndugu anaenda kupasuliwa mgongo, usianze kuuliza daktari kasomea wapi, uliza kwanza choo cha wodini ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Saa hii nacheka ila kule sikuwa nacheka hata kidogo.

Mimi dereva wa lori, miaka 11 Dar Tunduma Dar Tunduma. Mgongo ulianza kama utani, mara kiuno kimekaza asubuhi, mara mguu wa kushoto unawaka moto kuanzia kwenye tako mpaka kidole gumba, ikafika hatua napanda kwenye kabini ndala inabaki chini maana vidole havinyanyuki. Nimechuliwa weee, nimebandika plasta za kila rangi, kuna mama Makambako aliniuzia dawa ya kupaka inanuka kama breki iliyoungua. Mwisho nikapiga picha ya MRI ikaonekana diski, ule mto laini wa kati ya pingili za kiuno L4 na L5, imechomoza inabana mshipa wa fahamu, na kwa vile mguu ulishaanza kulegea dokta akasema hii ya kusubiri imeisha.

Hospitali siitaji, ni hapa hapa Dar.

Opareshen yenyewe sina la kusimulia, nilipigwa nusu kaputi nikahesabu mpaka nne nikapotea. Nilichogundua kwanza nilipoamka ni kwamba ule moto wa mguuni haupo. Kidonda kinauma ndio, mdomo mkavu, mpira wa mkojo unakera, ila moto haupo. Nikalia kama mtoto, sista akajua maumivu yamezidi akaniongezea dawa hahaha. Watu wa tieta, yaani chumba cha upasuaji, nawapa kumi kwa kumi, hilo sibishi na mtu.

Sasa wodi.

Usiku ndo kuna kazi. Mgongo ukishapasuliwa hujigeuzi unavyotaka, unageuzwa kama gogo, unakunja magoti, bega na nyonga vinaenda pamoja, ukijisokota kidogo tu unaona nyota. Wa kukushika awepo basi, vitanda nane sista mmoja, na ile kengele ya kuitia pale ukutani ni pambo. Kitanda cha pembeni kulikuwa na mzee kavunjika paja, akinisikia naguna saa nane usiku anachukua kijiko anagonga chuma cha kitanda kwa nguvu mpaka sista anatokea. Kila usiku. Shikamoo yake ya asubuhi nilikuwa naitoa kwa heshima zote. Na yule sista wa usiku simlaumu kabisa, nilimuona anakimbia toka anaingia mpaka anatoka, wa kulaumiwa ni anayepanga zamu.

Siku ya pili asubuhi akaja dada wa mazoezi, kadogo hivi, akasema kaka leo tunasimama. Nikamwambia dada wewe unanitania, jana tu nimechanwa. Shangazi alishapiga simu toka Songea kwamba nisinyanyuke hata mwezi! Yule dada akanielewesha taratibu kwamba kulala tu ndo kunaleta damu kuganda miguuni na kifua kujaa, akanifundisha kulala ubavu kwanza, miguu ishuke huku mkono unasukuma godoro, kisha nikashika ile woka, fremu ya kushikilia ukitembea, nikaenda mpaka dirishani nikarudi, kizunguzungu na jasho kama nimepakua semi ya simenti peke yangu. Kesho yake nikafika koridoni. Kama kuna mtu nitamkumbuka pale ni huyo.

Haya, choo. Zile dawa kali za maumivu zinafunga choo na hakuna aliyeniambia mapema, siku ya nne tumbo limekuwa ngoma, nakula papai, nakunywa maji, wapi. Ilipokuja sasa nikakuta vyoo vitatu, viwili vya shimo na kimoja cha kukaa ambacho kile kiti cha juu kilishang'oka, limebaki sinki tupu la baridi liko chini. Na mimi nimeambiwa nisiiname nisichuchumae! Mke wangu hakubishana na mtu, alitoka akanunua kiti cha plastiki, akampata fundi akakitoboa tundu katikati, akakirudisha wodini kakibeba kichwani. Kufika jioni wagonjwa wote wanakiomba.

Wageni nao, jamani mgonjwa wa mgongo msimkalie kitandani. Utingo wangu alikuja saa kumi na supu, akajitupa pembeni ya miguu yangu anasema pole bosi, nilitoa sauti mpaka mlinzi akachungulia.

Kuruhusiwa ndo kulinikera kuliko vyote. Bima ililipa opareshen ila mkanda wa mgongo nikanunua duka la nje. Maelezo ya nyumbani nilipewa kwa mdomo tena haraka haraka mke yupo dirisha la dawa: usibebe kitu kizito, usikae muda mrefu, na ukiona ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri au mkojo hautoki, usisubiri kukuche, rudi hapo hapo. Hilo la mwisho ni la kuandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, sio la kumwambia mtu kichwa kimejaa dawa. Nililiandika mwenyewe kwenye simu.

Njia nzima nimelala siti ya nyuma nahesabu matuta. Mimi dereva!

Mguu umerudi, vidole vinanyanyuka, lori bado sijaruhusiwa. Siku naenda kutolewa nyuzi nikapita wodini kumsalimia mzee, nikakuta kiti changu kipo chooni, wamekiandika kwa maka peni MALI YA WODI, KISITOLEWE.